Amplifaya ya Baba na Kuku Mwekundu

Mama yangu hakuwahi kumsifu baba kwa gita lake hata siku moja. Alichojua ni kumkemea kutoka jikoni. Baba akishachomeka gita, akangoja valvu za amplifaya zipate moto, akagusa nyuzi mbili tatu, sauti ya mama ilimfuata papo hapo: "Punguza, watoto wamelala." Watoto wenyewe tulikuwa macho, wote watano, tumejibanza nyuma ya mlango tunasikiliza. Baba hakupunguza, na mama hakurudia. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hayo yalikuwa mazungumzo yao.

Baba alipofariki, magita yake yaligawanywa kwa wenzake wa bendi, moja likabaki kwangu mimi binti yake. Amplifaya mama hakumpa mtu. Aliiweka chumbani kwake, karibu na kichwa cha kitanda, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ilikuwa ya zamani, ya zile taa za kioo zinazowaka wekundu ndani, na haikuwa ya kiwanda. Iliundwa upande wa Uganda na fundi mmoja wa misheni ambaye alishakufa kabla sijazaliwa. Hakuna nyingine iliyolia kama ile. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Busia, upande wa Kenya, na Jumapili napiga gita kanisani kwa amplifaya mpya iliyonunuliwa Kisumu. Mama akiulizwa anaionaje, anajibu neno moja: "Redio."

Na niliyeiunguza ya baba ni mimi. Nasema mapema ili nisionekane nazunguka. Nilimwomba mama aniruhusu niipige siku moja, umeme ukakatika nikiwa katikati, nikawa na uvivu wa kuizima. Umeme uliporudi, ulirudi kwa hasira. Moshi ukatoka nyuma ya spika, ukanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mama alikuja mlangoni, akatazama, akarudi alikotoka. Hakunigombeza, na hilo lilinitesa kuliko kugombezwa.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa tufanye kumbukumbu ya baba na kulijenga kaburi lake kwa saruji. Nilimwambia mama kwamba siku hiyo nitapiga ule wimbo baba aliomtungia, kwa sauti ile ile ya baba. Nilisema mbele ya ndugu zangu, bila kufikiri, kama kawaida yangu. Mama akaniangalia na kusema, "Tutaona." Kuanzia hapo sikulala vizuri.

Mzee mmoja wa ile bendi ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Tororo. Huyu fundi, aliniambia, huunda amplifaya za valvu, moja moja, kwa agizo la mtu, na hagusi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Nikavuka mpaka na ile maiti ya amplifaya ndani ya gunia, nikapanda gari hadi Tororo. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, chumba kidogo kinachotazamana na ule mwamba mkubwa wa mji, mzee mwembamba mwenye goti bovu na miwani iliyofungwa kwa waya.

Nilitarajia aniulize nataka nguvu kiasi gani na spika ya inchi ngapi. Hakuuliza.

"Nani atasikiliza?" akasema kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama yangu."

"Yeye nakaa wapi, wewe ukipiga?"

"Jikoni. Kuna ukuta wa matofali katikati, na mlango huwa wazi."

Akaandika hayo kwenye daftari. Ndipo akaifungua ile iliyoungua, akaitazama kwa muda, akanieleza. Valvu angepata. Sanduku lilikuwa limeliwa na mchwa, lakini angetengeneza jingine la mvule. Spika ilikuwa nzima. Kazi ilikuwa kwenye transfoma ya mwisho, ile inayopeleka sauti kwenye spika. Fundi wa misheni aliizungushia waya kwa mkono wake, kwa hesabu yake, na hesabu hiyo haikuwa katika kitabu chochote.

"Hapa ndio sauti ya baba yako ilikuwa nakaa," alisema. "Mimi nafungua, nahesabu waya zote, halafu nazungusha mpya sawasawa. Lakini nyabo," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "nikifungua, hairudi."

"Fungua," nikasema.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba fundi ataipima tu. Sikuthubutu kutamka neno "kufungua." Kitambaa chake kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa pale pale amplifaya ilipokuwa, na kila nikipita mlango wa chumba chake nilikiona.

Fundi alinipigia kuniambia siku atakayohesabu, kwa sababu nilitaka kuwepo. Asubuhi ya siku hiyo mama alinisubiri uani na kuku mwekundu, mtagaji wake bora kuliko wote, amefungwa miguu kwa kipande cha kitambaa. "Huwezi kwenda kwa mtu anayemshughulikia baba yako mikono mitupu," akasema. Nilimwambia kuku ni mzigo, mpaka una maswali. Akaniwekea mkononi tu. Mpakani askari mmoja alinizuia, akamtazama kuku usoni na kuniuliza pasipoti yake iko wapi. Nilikuwa na haraka, nikamjibu vibaya, akacheka na kunipitisha.

Nilifika Tororo jua likiwa utosini. Mlango wa fundi ulikuwa nusu wazi na juu yake ameandika kwa chaki: NAHESABU. Nikajua maana yake. Nikasimama nje na kuku kwapani, nikichungulia.

Alikuwa ameifunga ile transfoma kwenye mashine ndogo ya mpini, ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mpini, vidole vya kushoto vinauongoza waya unaotoka, macho hayabanduki. Ule waya ulikuwa mwembamba kama unywele na umeungua, ukikatika kila mara, vipande anavidondosha kwenye gunia. Kila baada ya mizunguko mia moja alichota punje moja ya mahindi mfukoni na kuidondosha kwenye mfuniko wa kopo la rangi miguuni pake. Alishaniambia kwa nini hatumii kalamu. Kalamu inataka macho, punje haitaki. Ndivyo alivyofundishwa tangu ujana, na hakuwahi kupotea.

Punje ikidondoka, mfuniko ulisema ti. Na kila uliposema ti, kuku aligeuza kichwa. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, nikacheka moyoni.

Nilisimama hapo nusu saa, pengine zaidi, mgongo umeloa jasho, nikiogopa hata kukohoa. Mwishowe mpini ukasimama. Mzee akanyoosha mgongo, akasema peke yake, "Imekwisha."

"Pole na kazi, mzee," nikasema.

Naomba ieleweke kwamba sikumkatiza. Alikuwa amemaliza. Kupita karibu na mtu anayetoka jasho usimpe pole ni kujitangaza kwamba hukulelewa, na mimi nililelewa.

"Nishapoa, nyabo. Karibu, karibu. Na hii kuku?"

"Mama amemtuma kwako."

Akainuka kwa lile goti lake, akafuta mikono kwenye suruali, akampokea kuku kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kidogo. Kisha akamlaza chini na kufungua kile kitambaa miguuni. "Akifika kwake, anafunguliwa," akanieleza. Na kwa kuwa kwake hawasalimiani mlangoni, tukatoka nje penye kivuli cha nyumba, mke wake akaleta viti, tukaanza kusalimiana inavyotakiwa. Mama yangu hajambo? Mguu wake? Wanafunzi? Mvua imefika huko Busia? Na mimi nikauliza ya kwao, goti, wajukuu, muhogo. Katikati ya hayo mzee aligeuka mara moja kuutazama mlango. "Kuna kitu nilikuwa nataka kuandika," akasema.

"Salimia mgeni kwanza," mke wake akamwambia.

Akanisalimia kwanza. Tuliporudi ndani, kuku mwekundu alikuwa amesimama kando ya mfuniko, anafuta mdomo sakafuni, upande huu na upande huu.

Mzee alichuchumaa. Akazihesabu zilizobaki. Saba.

"Ulikuwa na ngapi?" nikauliza.

"Sikuandika."

"Lakini kichwani?"

"Kichwani nahesabu mpaka mia, naanza tena. Mia ngapi, hiyo ndio kazi ya mahindi."

"Mfukoni ulianza na ngapi?"

"Nachota tu."

Nilichukua vipande vya waya kutoka kwenye gunia nikitaka kusema tuhesabu upya, vikasagika vidoleni. Transfoma ya baba ilikuwa vyuma vitupu mezani na lundo la takataka. Nilimtazama yule kuku, nikatamani kumpiga teke, halafu nikatamani kujipiga mimi. Niliiunguza mara ya kwanza kwa uvivu, na sasa naimaliza kwa adabu.

"Naweza kukuzungushia ya kitabu," fundi alisema polepole. "Italia vizuri. Hakuna mtu atasema mbaya."

"Mama atasema redio."

Akavua miwani, akaifuta. Nikasema, "Mchinje."

"Nani?"

"Kuku. Mahindi yako yamo shingoni mwake, pale wanapoweka chakula kabla ya kusaga. Mchinje tuhesabu."

Mzee akakataa. Akakataa kwa utulivu ulionitia wazimu. Kuku wa zawadi, alisema, hachinjwi siku aliyofika, tena kwa amri ya aliyemleta. "Umenipa mimi. Sasa ni yangu. Mama yako akisikia nimeua zawadi yake kabla hata haijalala hapa, atanionaje?" Nilimwambia mama ana mambo makubwa zaidi ya kuyasikia leo. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nilimwambia mzee wa watu, nyumbani kwake, kwamba kama angeandika kwa kalamu kama watu wengine tusingekuwa hapa. Maneno hayo yananiunguza mpaka leo.

Mke wake ndiye aliyetuokoa. Alikuwa mlangoni, ameshika kiuno.

"Mgeni hajala," akasema. "Sisi tulikuwa tunachinja kuku gani?"

"Mgeni hali kuku yake mwenyewe," mzee akajibu.

"Basi leo adabu ipumzike. Imefanya kazi kubwa."

Mzee akachukua kisu. Alimchinja nyuma ya nyumba bila kunitazama, kisha akakipasua kile kifuko cha shingoni taratibu, kwa wembe aliokuwa akikatia waya, akazimwaga punje juu ya gazeti. Tukahesabu wote watatu. Thelathini na nne. Ukijumlisha na zile saba, arobaini na moja.

Mzee akatikisa kichwa. "Hii si yangu yote. Ile chuma haiwezi kubeba waya wa mia arobaini. Hii kuku ilikula mahindi mahali."

Nilijua mahali. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na kumuuliza ilikuwa lazima nimwambie yote. Nilisogea hadi ukutani na simu. Niligusa jina lisilo lake kwanza.

Mama alipokea. Nikamwambia kwamba transfoma haikupimwa, imefunguliwa. Kwamba haiwezi kurudi. Kwamba hesabu yake imeliwa na kuku. Nilisema kwa mkupuo mmoja, nikangoja. Nilisikia jogoo wake akiwika kule Busia, nikasikia pumzi yake. Nikatazama kama simu imekatika.

"Kuku yupi?" akauliza.

"Yule mwekundu. Ulimpa mahindi asubuhi?"

"Nilimpa kiganja kimoja. Nilisema asisafiri na njaa."

"Kiganja ni punje ngapi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Nahesabu mahindi ya kuku, mimi?" Kisha sauti yake ikawa ile ya kutuma mtu shambani. "Sikiliza. Punje ya asubuhi imeshalowa. Ibonyeze kwa ukucha moja moja. Ikikubali, ni yangu. Ikikataa, ni ya mzee."

Akakata simu.

Tulizibonyeza. Mzee alivaa miwani yake vizuri, mimi nikainama upande wa pili wa gazeti. Laini kushoto, ngumu kulia. Laini zikafika kumi na tano. Ngumu zikafika kumi na nane. Ikabaki moja. Niliibonyeza mimi, ikakubali kidogo kisha ikakataa. Akaibonyeza mzee. Akampa mke wake, naye akaibonyeza, akaiinua kwenye mwanga, akairudisha katikati ya gazeti.

Saba na kumi na nane ni ishirini na tano. Au ishirini na sita.

"Punje moja inabadilisha sauti?" nikauliza.

"Kwa mtu wa soko, hapana," mzee alisema. "Kwa mtu amekaa jikoni miaka yote hiyo, sijui." Akaandika idadi zote mbili kwenye daftari, kwa kalamu, akapiga mstari chini yake. Halafu akasema atazungusha mia za punje ishirini na tano, atoe waya nje hapo, aendelee mpaka ishirini na sita, atoe mwingine. Nyuma ya sanduku ataweka swichi ya kuchagua. Tulikula yule kuku. Sikuonja ladha yake. Nilipoaga nilimwomba mzee msamaha kwa yale maneno ya kalamu, akasema ni kweli, sasa kalamu itakaa karibu na mahindi.

Majuma yaliyofuata mama alizungumza nami kwa maneno ya lazima tu. Chumvi imekwisha. Mwenyekiti wa kanisa amekuja. Kuhusu amplifaya, hakuuliza. Siku moja nilipita mlango wake nikaona kitambaa hakipo pale kilipokuwa. Sikujua kama amekiweka mbali au amekitupa, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Ndugu yangu mkubwa akanishauri tukodi spika za disko tumalize maneno. Nikamwambia afunge mdomo wake.

Amplifaya ilikuwa tayari siku mbili kabla ya kumbukumbu. Sanduku la mvule, zito, limepigwa msasa mpaka linateleza. Swichi ilikuwa nyuma, ndogo, haina alama yoyote. Nilimuuliza mzee upande upi ni ishirini na tano. Akasema hataniambia, maana nikijua nitapiga kwa nguvu upande ninaoutaka.

Niliifikisha nyumbani saa tisa alasiri. Mama alikuwa jikoni kwenye kigoda, ungo wa maharagwe ya wageni magotini, anachambua. Aliliona sanduku likipita. Hakuinuka. Nikaliweka sebuleni pale pale pa baba, nikaacha mlango wazi. Nikachomeka. Nikangoja valvu zipate wekundu wao. Nikapiga mwanzo wa ule wimbo, mistari miwili.

Ilikuwa sauti nzuri. Nzuri kabisa, ya joto, yenye nafasi kubwa ndani yake. Kutoka jikoni nilisikia maharagwe yakidondoka kwenye sufuria, kwa mwendo ule ule. Nikaendelea mpaka kiitikio, nikisikiliza zaidi jikoni kuliko gita. Maharagwe tu. Nikaacha kupiga. Nilihisi nimeshindwa, nikakaa na mikono juu ya nyuzi kwa muda.

Kisha nikazima, maana mzee alinionya nisiiguse swichi umeme ukiwa unapita. Nikainama, nikaigeuza, nikawasha tena. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko nusu saa ya Tororo. Nikarudi mwanzo wa wimbo, mistari ile ile miwili, wala sikubonyeza nyuzi kwa nguvu zaidi, naapa.

"Punguza," mama alisema kutoka jikoni, "watoto wamelala."

Alisema vile vile, kwa haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Katika nyumba ile tulikuwa sisi wawili, na jua lilikuwa bado linawaka uani. Mdogo wetu wa mwisho ana watoto wake mwenyewe Mombasa.

Maharagwe yakanyamaza. Nikajua naye amesikia alichosema. Nilitaka kuinuka nikamwone, lakini baba hakuwahi kuinuka. Sikupunguza. Nilipiga wimbo mpaka mwisho, na nilipomaliza mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja machoni, na mwingine umeshika kile kitambaa cha amplifaya, kimefuliwa na kupigwa pasi.